UCHAMBUZI: Mafuriko ya Tana huja jua likiwaka

KATIKA vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, kutoka Madogo hadi Kipini, mafuriko hayatangazwi na mawingu. Mara nyingi jua huwa linawaka na nyasi za malishoni zimekauka, na hata hivyo maji hupanda kingo usiku na kuingia mashambani kabla ya alfajiri.

Mvua iliyoyaleta ilinyesha siku kadhaa zilizotangulia, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Aberdare. Mkulima wa Ngao au Mnazini hakuiona wala hakuisikia. Anachokiona ni mto kugeuka mwekundu kwa udongo wa nyanda za juu, magogo na mikungu ya ndizi za watu wengine ikielea, na maji yakipita kijiti alichokichomeka ukingoni jana yake.

Umbali huo kati ya mahali mvua inaponyesha na mahali inapoharibu mali ndio kiini cha masaibu ya Tana River. Ndio unaoeleza kwa nini maonyo huchelewa, na kwa nini lawama hukosa mwenyewe.

Katika miaka ya hivi karibuni pekee, mto huo ulivunja kingo zake mwaka wa 2018, ukafurika mwishoni mwa 2019 na katika masika ya 2020, kisha ukarejea kwa kishindo Novemba 2023. Kabla familia nyingi hazijamaliza kujenga upya, maji yaliingia tena Aprili na Mei 2024. Katikati ya vipindi hivyo kulikuwa na kiangazi cha 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo na mifugo ikafa kwa maelfu kaskazini na mashariki mwa nchi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti hiyo. Si wengi wakilinganishwa na wapigakura wa miji mikubwa, na pengine hiyo ndiyo sababu shamba lililozama Garsen kwa majuma sita huzungumziwa kidogo kuliko barabara ya Nairobi iliyofurika kwa saa tatu.

Anayetaka kuielewa hasara hii sharti aanze na shamba lenyewe. Shamba la Mpokomo wa kando ya mto kwa kawaida ni ukanda mwembamba unaoanzia ukingoni na kuelekea barani. Karibu na maji kuna migomba na miembe, nyuma yake mahindi, kunde na mboga, na katika mabonde yanayoshika maji hupandwa mpunga. Nyumba husimama pale ardhi ilipoinuka kidogo, na neno "kidogo" hapa lina maana yake halisi, kwa kuwa katika tambarare ile tofauti kati ya nyumba iliyopona na iliyozama yaweza kuwa urefu wa jembe.

Maji yakiingia, mahindi ndiyo hufa kwanza. Migomba hustahimili siku chache, kisha mizizi yake huoza na mashina huanguka yenyewe hata pasipokuwa na upepo. Mpunga hupona iwapo vichwa vyake vimebaki juu ya maji. Mwembe uliokomaa aghalabu husimama hadi maji yaondoke, na ndiyo maana wazee waliupanda kwa wingi. Lakini msimu wa maembe huangukia miezi ile ile ya mafuriko ya vuli. Embe lisiloweza kufika Malindi au Mombasa kwa sababu barabara imekatika huoza chini ya mti ulionusurika.

Nyumbani nako mambo huharibika kwa mpangilio wake. Kuta za udongo hunyonya maji na kuporomoka, mara nyingi baada ya maji kupungua, wakati watu wamekwisha kuanza kurudi. Choo cha shimo hufurika na kumwaga uchafu katika maji yale yale yanayotekwa kwa kupikia. Nyoka hupanda kwenye paa na matawi kutafuta pakavu, na mamba huweza kuogelea mahali palipokuwa na mahindi juma lililopita.

Wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaobaki na watoto, hulazimika kuamua kwa dakika chache ni kipi kibebwe. Kitambulisho, vyeti vya shule, sufuria, jembe, mbegu. Mbegu ndizo husahaulika au kuachwa kwa uzito wake, na athari yake haionekani hadi miezi miwili baadaye.

Kisha kuna usafiri. Novemba 2023, na tena masika ya 2024, barabara kuu kati ya Garissa na Nairobi ilifunikwa na maji katika eneo la Madogo na Mororo. Wasafiri wakaanza kuvushwa kwa boti. Aprili 28, 2024, boti iliyojaa abiria ilizama eneo la Kona Punda, na watu wakafa maji mahali ambapo siku za kawaida hupita mabasi. Barabara ikikatika hapo, bei za unga, mafuta na dawa hupanda katika miji ambayo haikuguswa na tone la mafuriko.

Pamoja na hayo yote, ni kosa kuyachukulia mafuriko ya Tana kama adui mtupu. Kilimo cha bonde hilo kilijengwa juu ya mafuriko. Kwa vizazi vingi, mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, kati ya Aprili na Juni na tena Novemba na Desemba. Ulipotoka uliacha tope lenye rutuba ambalo wakulima walipanda bila mbolea wala pampu. Maziwa madogo ya delta, kama vile Shakababo na Bilisa, hujazwa na maji hayo, na kambare wake hulisha vijiji.

Wafugaji wa Orma, Wardei na Somali nao huyategemea. Nyasi zinazoota baada ya maji kupungua ndizo akiba ya ng'ombe wakati wa kiangazi, na njia za mifugo kufikia mto, ziitwazo malka, zilipangwa kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Delta hiyo iliorodheshwa mwaka wa 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Tena, mto ukikosa kufurika, bahari huchukua nafasi yake. Huko Ozi, karibu na Kipini, wakulima wamelalamika kwa miaka kwamba maji ya chumvi hupanda mtoni nyakati za uhaba na kuua mpunga na miembe. Kwa hivyo mkulima wa delta huogopa maji mengi kupita kiasi na pia huogopa maji machache, na mpango wowote unaoshughulikia hofu moja pekee humwongezea nyingine.

Hapa ndipo yanapoingia mabwawa ya Seven Forks. Kindaruma lilikamilika 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga, lililo juu kabisa na kubwa kuliko yote, lilisanifiwa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Kwa miongo mingi mabwawa hayo yalikuwa tegemeo kuu la umeme wa taifa, na hadi leo mchango wake ni mkubwa.

Wakazi wengi wa nyanda za chini huamini kwamba mabwawa hayo ndiyo huwafurikia. Usemi wa kawaida ni kwamba "wamefungua maji". Ukweli una pande mbili, na wakazi hawajakosea kabisa.

Kwanza, mabwawa hayo hayaumbi maji. Katika miaka ya kawaida hupunguza kilele cha mafuriko kwa sababu Masinga hushika maji ya masika na kuyatoa polepole. Mafuriko madogo yaliyokuwa yakirutubisha mashamba karibu kila mwaka yamepungua, jambo ambalo wakulima na wanasayansi wamelitaja kwa muda mrefu. Mafuriko makubwa hayajaondoka.

Pili, bwawa linaloendeshwa kwa ajili ya umeme hutakiwa kuwa limejaa, ilhali bwawa la kuzuia mafuriko hutakiwa kuwa na nafasi tupu kabla ya mvua kuanza. Mambo hayo mawili hayapatani. Masinga likiwa limejaa Aprili, kila tone linaloingia sharti litoke, na linatoka kwa kasi ya mvua yenyewe. Msimamizi wa mitambo hana lango la kufunga, kwani maji hupita juu kwa njia ya kumwagia ya ziada. Mwaka wa 2018 na 2024 ndivyo ilivyokuwa.

Je, maji yapunguzwe bwawani Februari ili kuacha nafasi? Utabiri ukikosea na mvua isinyeshe, nchi itakosa umeme wa bei nafuu na mwenye kutoa amri hiyo ataulizwa maswali magumu. Akiliacha bwawa lijae na mvua ikanyesha kupita kiasi, hasara humwangukia mtu wa Garsen, ambaye hana kiti katika mkutano wowote wa kampuni. Hesabu ya aina hiyo hujijibu yenyewe. Isitoshe, sehemu ya ujazo wa Masinga imekwisha kuliwa na mashapo yanayotoka katika mashamba ya miteremko ya juu, kwa hivyo nafasi inayobishaniwa inazidi kupungua.

Lipo jambo la tatu ambalo husahaulika sana, nalo ni kwamba Kiambere si mwisho wa vijito. Chini ya bwawa hilo la mwisho, mito ya Mutonga, Kathita na Ura, yenye vyanzo vyake katika Mlima Kenya upande wa mashariki na vilima vya Nyambene, humwaga maji yake moja kwa moja katika Tana. Hakuna bwawa kubwa linaloyazuia. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka Nithi, Garissa yaweza kufurika hata kama Masinga lina nafasi tele. Bwawa la High Grand Falls, ambalo limezungumziwa na serikali moja baada ya nyingine, lingeyashika maji ya baadhi ya vijito hivyo, lakini halijajengwa.

Maana yake ni kwamba tangazo la kampuni ya KenGen kuhusu hali ya mabwawa, hata likitolewa mapema na kwa nia njema, haliwezi peke yake kuwa onyo la mafuriko kwa watu wa Tana River. Ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko katika vipimo vya mito ya Meru na Tharaka, na katika kipimo cha mto mjini Garissa, na inahitaji mtu wa kuziunganisha na kuzigeuza kuwa maneno yanayomfaa mkulima.

Kwa kawaida maonyo huwataka wakazi wa nyanda za chini "wahamie sehemu za juu". Mkulima anahitaji kujua maji yatafika lini, yatapanda hadi wapi yakilinganishwa na yale ya 2018 au yale ya El Nino ya 1997, na yatakaa muda gani. Wazee wa bonde hilo bado huyapima mafuriko yote kwa yale ya 1961. Onyo linalosema "yatakaribia ya 1997" lingeeleweka katika kila boma bila kuhitaji ramani.

Kuchanganyikiwa kwa Oktoba 2023 kunafaa kukumbukwa katika muktadha huo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha kuhusu El Nino. Kisha Rais William Ruto akatangaza kwamba nchi haingepata El Nino yenye uharibifu kama ilivyohofiwa. Idara yenyewe iliendelea kusema mvua ingezidi wastani. Majuma machache baadaye, mamia ya maelfu ya Wakenya walikuwa wamehama makwao, wengi wao Tana River, Garissa na Mandera. Si rahisi kujua ni wangapi waliobaki mashambani kwa sababu ya kauli hiyo, lakini mkulima aliyeambiwa hatari imepita hana sababu ya kuvuna mahindi mabichi ili kuyaokoa.

Katika masika ya 2024 serikali iligeukia ukali. Mnamo Mei 2, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwapa watu waliokuwa wakiishi karibu na mabwawa na hifadhi 178 za maji saa 24 wahame. Kufikia katikati ya mwezi huo zaidi ya watu 280 walikuwa wamekufa kote nchini, wakiwemo wale waliosombwa Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, kwa hivyo hakuna anayeweza kuilaumu serikali kwa kuogopa. Tatizo ni kwamba amri ya kuhama humaliza kazi yake siku maji yanapopungua. Kutoka hapo ndipo maswali ya shamba huanza.

Swali kubwa ni hili: kwa nini watu hurudi? Viongozi huwauliza wakazi swali hilo kila mara, wakati mwingine kwa sauti ya kuwakaripia, kana kwamba jibu lake ni ukaidi.

Jibu liko katika ardhi. Kwanza, ardhi ya juu isiyofurika haina maji ya kunyunyizia wala tope la rutuba. Mkulima anayehamia huko huwa amehifadhi nyumba na kupoteza shamba. Wengi wangekubali kulala juu na kulima chini, na baadhi ya vijiji vimekwisha kusogea kwa namna hiyo, lakini umbali unapofika kilomita nyingi, nyani na viboko ndio huvuna.

Pili, ardhi hiyo ya juu ina wenyewe. Ni malisho. Familia za wakulima zikipelekwa huko kwa lori na kupewa mahema, wafugaji huona mwanzo wa kijiji cha kudumu katika njia ya mifugo wao. Kwa upande wake, mkulima anayeliacha shamba kwa mwaka mzima huhofia kulikuta limegeuka malisho. Kaunti hiyo inakumbuka vyema Agosti 2012 hadi mapema 2013, wakati mapigano kati ya jamii za Pokomo na Orma, yaliyochochewa na ugomvi wa ardhi, maji na siasa za uchaguzi, yalipoua zaidi ya watu 100. Mwenye kupanga uhamisho bila kuwakalisha pamoja wazee wa Gasa na wazee wa wafugaji hupanga mgogoro mwingine.

Tatu ni hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River haijasajiliwa kwa majina ya watu binafsi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilikusudiwa kuziwezesha jamii kusajili ardhi zao, lakini utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kobe. Asiye na hatimiliki hawezi kudai fidia kwa shamba lililozama, hawezi kuliweka rehani apate mkopo wa kujenga upya, na akihamishwa hana karatasi inayomhakikishia kurudi. Uwepo wake pale ukingoni ndio hati yake. Anaporudi katika matope Juni, anaweka saini.

Tofauti hiyo hujitokeza hata katika msaada. Rais Ruto alipoahidi Mei 2024 Sh10,000 kwa kila familia iliyoathiriwa huko Mathare, Nairobi, ili zitafute makao kwingine, fedha hizo zilieleweka kama kodi ya nyumba ya miezi michache. Mkulima wa Tana halipi kodi. Kilichomponyoka ni migomba ya miaka mitatu, kuku, uchaga wa mahindi na msimu mzima, na hakuna fomu ya serikali yenye safu ya migomba.

Sheria zenyewe zinaonyesha mahali fikira za taifa zilipo. Ukame una taasisi yake, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyopewa nguvu kwa sheria ya 2016 na yenye maafisa katika kaunti kame, Tana River ikiwemo. Maafisa hao hutoa taarifa kila mwezi kuhusu malisho, bei ya mbuzi na umbali wa maji. Mafuriko hayana mamlaka ya namna hiyo. Kuna kituo cha kitaifa cha kushughulikia majanga kilichoanzishwa 1998 baada ya El Nino, na kwingineko kazi imegawanywa kati ya wizara kadhaa.

Katiba ya 2010 nayo iliweka udhibiti wa majanga katika orodha ya majukumu ya Serikali Kuu na pia katika orodha ya serikali za kaunti. Kisheria hilo si kosa. Kivitendo limezaa desturi ya gavana kusubiri Nairobi na Nairobi kumuuliza gavana alikotumia hazina yake ya dharura, huku Shirika la Msalaba Mwekundu likiwa tayari limefika kwa boti.

Hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba Mto Tana utazuiwa usifurike. Ulihama mkondo wake mara nyingi. Hata mdomo wake wa sasa pale Kipini unatokana na mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi. Kuta za kuzuia maji zimejaribiwa pia. Zile za mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA karibu na Garsen zilivunjwa na mafuriko ya 1997 na 1998, na mradi ukalala kwa miaka mingi.

Yanayowezekana ni madogo kuliko bwawa na hayafunguliwi kwa kukata utepe. Ghala la pamoja lililoinuliwa kwa nguzo katika kila kijiji. Vyoo vilivyojengwa juu ya tuta. Makubaliano yaliyoandikwa, kati ya wakulima na wafugaji, kuhusu mahali familia zitakapokimbilia na kwa muda gani, yenye sahihi za pande zote kabla ya mvua. Kanuni iliyo wazi kwa umma kuhusu kiwango ambacho Masinga linapaswa kuwa nacho Machi na Oktoba, hata kama kanuni hiyo itaigharimu nchi kiasi fulani cha umeme.

Na zaidi ya yote, mbegu kwa wakati. Baada ya mafuriko ya masika, maji kwa kawaida hurudi mtoni kati ya mwisho wa Mei na Juni, na tope linalobaki hushika unyevu kwa majuma machache tu. Huo ndio muda ambao familia iliyopoteza kila kitu inaweza kupanda mahindi ya muda mfupi na kunde, na kuvuna bila kutegemea mvua. Unga na blanketi huanza kufika Mei. Mbegu, zinapoletwa, aghalabu hufika Julai au Agosti, udongo ukiwa umekwisha kupasuka.